Mikono ya Mama kwenye Picha

Zarifamo alipokuja kujifunza kwangu alikuwa msichana mkubwa tayari, na mama yake hakuwa ameonekana Khorog, mji wetu wa milimani, tangu binti huyo akiwa darasa la nne. Gulsifat, mama mtu, alikuwa akioka mikate Yekaterinburg, kule Urusi, waliko nusu ya watu wetu. Kila Jumapili alipiga simu. Kurudi ndiko kulikosogezwa mbele kila mara: mara tiketi, mara vibali.

Studio yangu iko nyuma ya soko, na kazi ninayojulikana nayo ni picha za kuunganisha. Watu huniletea sura za walio mbali na za waliokufa, nami nawaketisha pamoja na waliobaki. Zarifamo alitaka kujifunza hilo tu. Harusi na picha za pasipoti hakuzijali.

Kukata na kubandika kwenye kompyuta alikujua upesi. Picha yake ya kwanza ilikuwa yeye na mama yake wamesimama bega kwa bega mbele ya mto. Akaileta akingoja sifa.

"Hawa wanasubiri gari," nikamwambia.

"Ami Shirinbek, tazama nywele zilivyokatwa vizuri."

"Nywele nzuri. Lakini hawa watu hawajuani. Mama yako kamulikwa kulia, wewe kushoto. Na wanafanya nini hapo?"

Akasema hawafanyi kitu, wako pamoja tu.

"Watu wakiwa pamoja huwa na jambo. Mlikuwa mkifanya nini nyinyi wawili, kabla hajaondoka?"

Aliwaza mpaka chai yake ya maziwa na chumvi ikafanya utando. Kisha akasema alikuwa akisukwa. Kila asubuhi kabla ya shule, chini ya tundu la paa linaloingiza mwanga, mama akivuta nywele, yeye akilalamika.

Basi tukaanza upya. Tulikwenda nyumbani kwa bibi yake, nikampiga picha akiwa amekaa palepale, mwanga ukimshukia kutoka juu kushoto. Nikamwonyesha kwamba kivuli cha pua ndicho kinachokwambia taa iko wapi. Iliyobaki ilikuwa mikono ya mama ikisuka. Nilimwambia atumie ya shangazi yake, akakataa katakata.

Jumapili mama alipopiga simu ya video, Zarifamo alikuwa studio. Akamwomba aegemeze simu kwenye kabati la bweni walikolala wafanyakazi, asogeze taa upande wa kushoto, kisha ajifanye anasuka. Wenzake wa chumbani, wote wanawake wa kwetu, wakaanza kumtania.

"Gulsifat, unamsuka nani, jini?"

Naye akacheka, mikono ikapapasa hewani kama anafukuza nzi. Haikufaa kitu. Ndipo mwenzake mmoja, Mavluda, alipofunga vitambaa vitatu virefu kwenye nguzo ya kitanda, akamkabidhi. Gulsifat akaanza. Kidogo kidogo vidole vikakumbuka, uso ukainama, na nadhani akasahau kabisa kwamba yuko kwenye simu. Tukamsikia akisema chinichini, "Tulia, mwanangu. Namalizia."

Wale waliokuwa wakimtania wakasogea pembeni.

"Naumia, mama," Zarifamo akasema. Ilimtoka sauti ya mtoto.

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kusuka, na Mavluda akampiga picha kwa simu yake. Mimi nilitoka nje nikasimama mlangoni.

Kuunganisha kulimchukua Zarifamo muda mrefu. Taa ya bweni ilikuwa ya njano, mwanga wa nyumbani wa buluu. Nikamwambia achague ile ni asubuhi ya wapi, ya bweni au ya nyumbani. Akachagua ya nyumbani. Kivuli cha mikono ya mama kwenye shingo yake alikifuta na kukirudia mpaka mikono ikaonekana ina uzito. Hapo sikuwa na la kumfundisha tena, akaituma.

Mama hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Alipopiga, sauti ilikuwa imekauka.

"Nimeitazama mpaka nikaona kama nilikuwepo."

"Ulikuwepo, mama."

"Sikuwepo, mwanangu. Usinidanganye kwa wema. Lakini ni yangu hii. Usimpe mtu."

Aliibandika ukutani karibu na mto wake wa kulalia. Muda si muda wanawake wa bweni wakaanza kutuma picha zao, mmoja anakanda unga, mwingine amekunjua mikono kupokea mtoto ambaye hayupo, na Zarifamo akawa anazunguka mitaa ya Khorog kuwapiga picha watoto wao.

Gulsifat hajarudi bado. Majuzi alisema labda vuli hii. Zarifamo alimjibu sawa, akamuuliza habari za mgongo wake, wakaagana. Kisha akavaa koti, akaenda kumtafuta mtoto wa Mavluda, ambaye kila akiona kamera anakimbilia bustanini.