Jina la Mwenye Shamba

Barua ilikuja na lori la Jumanne, ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya mdogo wangu Lukumani, aliyekuwa utingo wa lori hilo. Alinikabidhi mimi kwa sababu mwaka ule wa 1957 Matambarale ilikuwa na wasomaji wawili tu: mwalimu wa madrasa, aliyesoma Kiarabu, na mimi, niliyesoma Kiswahili polepole huku kidole kikifuata mstari. Nilijifunza herufi nikiwa na miaka thelathini na minane, kwenye kambi ya Nachingwea, tulipokuwa tunang'oa visiki vya mashamba ya karanga ya Waingereza. Baada ya sala ya magharibi tuliketi juu ya magogo, tukaandika kwa mkaa. Karanga zilishindwa, mashine zikaondoka. Herufi zilibaki, alhamdulillahi.

Niliisoma barua barazani kwa Seleman, mwenyekiti wetu. Ilitoka kwa Umoja wa Vijiji Vitano, ule tulioungana nao miaka mitatu iliyopita kuuza ufuta kwa mizani moja na lori moja. Ilisema kuanzia msimu huu kijiji chochote cha Umoja kipande mbegu nyeupe ya ufuta peke yake, na mbegu ya zamani ichomwe. Siku ya kuuza itapangwa na kamati, Ruangwa. Hakuna kuuza kwa mtu mwingine. Kijiji kisichokubali kitoke kabla soko halijafunguliwa, na kikitoka, lori halitafika tena, kwa mizigo wala kwa wagonjwa.

Seleman alisubiri nikunje karatasi. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hujaruka mahali?"

"Sijaruka, mjomba."

Isihaka, jirani yangu, mtu wa mzaha mchungu, akacheka. "Hawezi kuruka, mdogo wake yuko juu ya lori. Mbaruku akisoma, tusikilize injini inasemaje."

Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini shingo ilipata joto. Mimi si mzaliwa wa Matambarale. Kwa desturi yetu mwanamume huhamia kwao mke, na mashamba hubaki kwa ukoo wa mama. Mke wangu ni Mwantumu, mama yake ni Mwanawetu, na Seleman ni mdogo wake Mwanawetu, yaani mjomba mwenyewe wa nyumba niliyooa. Akisema niondoke, nitaondoka na jembe na mkeka. Nimeona wanaume wawili wakiondoka hivyo.

Lakini mimi pia nilikuwa na macho. Mwezi ule nilimwona Awadhi, mfanyabiashara wa Ruangwa, mara tatu kwenye baraza ya Seleman, na mara zote tatu walinyamaza nilipopita. Na sasa Seleman ndiye aliyesimama wa kwanza na kusema, "Tutoke. Mtu hawezi kukuchagulia mbegu ya kutia kwenye shimo lako."

Maneno mazuri. Nikajiuliza ameyanunua wapi.

Nyumbani nilimkuta Mwantumu ameketi amenyoosha miguu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba iliyopita, ile ya Zaina wetu, mtoto alikaa vibaya, na baada ya siku mbili za uchungu lori la Umoja ndilo lililombeba hadi hospitalini Nachingwea, juu ya magunia ya ufuta. Mkunga aliniambia kuwa kwa machela asingefika. Kwa hiyo wengine waliposikia lori halitakuja, walifikiria magunia. Mimi nilifikiria kitu kimoja tu.

"Umesomaje?" aliuliza Mwantumu.

Nikamweleza. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ghala anapepeta kwa ungo. Kwa heshima ya ukwe simtazami, naye hanitazami. Tunaongea ghala likiwa katikati yetu.

"Wachome mbegu yangu?" alisema. "Hiyo nyekundu ilikula jua la mwaka ule mvua ilipokatika mwezi wa pili. Nyeupe yao ililala chini kama mlevi. Mama yangu alinipa kibuyu kile cha mbegu siku nilipotoka unyago."

"Mama, na lori?"

Ungo ulinyamaza. "Lori," alisema. Kisha ukaanza tena.

Alhamisi nilikwenda Ruangwa kwa miguu kutafuta mafuta ya taa, lakini Mungu anajua nilikwenda kumpeleleza Awadhi. Nilimkuta dukani anafunga sukari kwenye karatasi.

"Shekhe Awadhi, utanunua ufuta wa Matambarale tukitoka?"

"Nitanunua. Nimemwambia Seleman hivyo hivyo."

"Mara tatu?"

Akaniangalia, akatabasamu. "Seleman ni mbishi. Kila tukikutana ananiuliza swali moja: mwaka kesho utanunua kwa bei hiyo hiyo?"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia mwaka huu bei yangu inaipita ya Umoja. Mwaka kesho mkiwa peke yenu na mizigo yenu kichwani, na mimi nikijua hamna pengine pa kwenda... Mbaruku, mimi ni mfanyabiashara. Mwaka kesho ni wa Mungu."

Niliondoka nimechanganyikiwa. Nilikuja kutafuta mwongo, nikakuta mtu asemaye kweli, na kweli yake ilikuwa mbaya kuliko uongo. Njiani nilisali adhuhuri kando ya barabara, nikaomba Mungu anioneshe aliyejificha. Sikuomba anioneshe njia. Nimelijutia hilo baadaye.

Ijumaa baada ya sala sisi wanaume tulikutana uani kwa Seleman. Uamuzi mkubwa huku kwetu tunaufanya kwa kibuyu. Kila mtu alipewa punje moja ya karanga na ganda moja la ufuta lililokauka, mbegu zikiwa ndani. Karanga ni kutoka, ufuta ni kubaki. Unafunga ngumi zote mbili, unaingiza moja kibuyuni, na kilichobaki mkononi unakila, ili kusiwe na ushahidi. Wakati watu wanakula, kila mtu hutazama chini. Ni adabu ya zamani. Anayetafuna hatazamwi.

Kabla ya kupiga kura Seleman alisema tena, kwa sauti kubwa, kwamba watu wanaopangiwa siku ya kuuza mwisho watapangiwa siku ya kula. Wanaume wakaitikia. Mzee Jumaa akauliza nani atabeba gunia hadi Ruangwa. Isihaka akamwambia, "Babu, wewe ulibebwa tangu zamani, utabebwa tena," na swali likafia kwenye kicheko.

Tukapiga kura. Mimi niliingiza ufuta na kula karanga yangu. Halafu, Mungu anisamehe, sikutazama chini. Nilimtazama Seleman. Nilitaka kuona mbegu za ufuta kwenye meno yake, dalili kwamba ametia karanga ya Awadhi.

Seleman alikuwa anatafuna karanga. Taya lilipanda na kushuka, na nilisikia ikivunjika.

Mtu aliyesema tutoke ameingiza ufuta. Amepiga kura ya kubaki.

Kibuyu kilimwagwa mkekani. Karanga ishirini na tatu, ufuta kumi na nne. Wanaume wakapiga makofi. Seleman hakupiga. Aliniambia niandike majibu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi.

Nikafungua barua kutafuta namna ya kujibu, na hapo nikaona mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeusoma mara mbili bila kuusikia. Nikausoma kwa sauti. "Kijiji kinachotoka kilete orodha yenye jina na alama ya kidole ya kila mwenye shamba."

"Haya, andika," alisema Isihaka, akanyoosha kidole gumba. "Anza na mimi."

Nikaandika Isihaka. Kalamu ikasimama. "Shamba lako lipi?"

"Unalijua. La bondeni."

"La nani?"

"Nalima mimi!"

"Sikuuliza nani analima. Mimi pia nalima. Nimeulizwa mwenye shamba, na mimi nikiandika uongo, karatasi hii itanisubiri kwa Mola wangu."

Isihaka akashusha kidole. La bondeni ni la mama mkwe wake Isihaka. La mzee Jumaa ni la dada za marehemu mkewe. Wanaume thelathini na saba tulikuwa tumeamua mashamba yatoke, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shamba. Na miaka mitatu iliyopita, karani wa Umoja alipokuja kuuliza majina, ni sisi hawa hawa tuliojiandikisha, kwa kuwa yeye aliuliza wanaume nasi tuliona aibu kumrekebisha.

"Sasa huyu mgeni anataka nini?" mtu akasema nyuma. "Anatuchelewesha makusudi. Mnaona? Lori!"

Kutoka upande wa jikoni ikasikika sauti ya Mwanawetu. "Mgeni ameuliza mlichosahau kuuliza ninyi wenyeji. Seleman, lete kibuyu."

Wanawake walikuja wakaketi, na wao hawakuanza na kibuyu. Walianza na maswali. Mwanawetu alisimama mgongo ukiwa umenigeukia, kwa adabu.

"Gunia ngapi kijiji kizima?"

"Kama mia moja," alisema Seleman.

"Kutoka hapa hadi Ruangwa nani atabeba? Ninyi mnatoka kwa midomo, sisi tutatoka kwa shingo. Isihaka baba, kichwa chako kipo?"

"Kipo, mama."

"Kitabeba?"

Isihaka akakuna kisogo. "Kitabeba."

"Mbaruku aandike hilo pia."

Nikaandika. Wakauliza kuhusu Awadhi, nami nikasimulia alichoniambia dukani, pamoja na neno la mwaka kesho. Wakauliza kuhusu wagonjwa. Hapo Seleman akainama kusawazisha mkeka. Nilimwona Mwantumu ameweka mkono juu ya tumbo, nikasema moyoni, Ee Mola, atie ufuta.

Kibuyu kikazunguka. Ngumi zikafunguka, vichwa vikainama. Mwantumu alipopita mbele yangu kurudi kuketi, nilitazama tena pale nisipotakiwa kutazama. Kwenye mdomo wake wa chini zilikuwa zimenata mbegu tatu ndogo nyekundu.

Alikula ufuta. Aliingiza karanga.

Tulihesabu. Karanga ishirini na sita, ufuta kumi na tisa. Matambarale imetoka.

Niliandika majina ya wanawake arobaini na tano, wengi wakiona majina yao yanaandikwa kwa mara ya kwanza. Wakati wanaweka vidole, Seleman alinijia, akachuchumaa karibu.

"Uliniona," alisema.

"Nilikuona, mjomba. Kwa nini?"

"Kama mwenyekiti nilisema linalofaa ardhi. Lakini mkono huu ndio uliomnyanyua Mwantumu kumtia kwenye lori siku ile. Mkono ulikataa." Akatema kipande cha karanga. "Usimwambie mtu."

Mwezi wote ule nilimshuku kwamba amenunuliwa, kumbe alikuwa anaogopa kitu kile kile ninachokiogopa mimi.

Mwantumu nilimsubiri mlangoni. "Umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia wewe? Mimba ni yangu na mbegu ni yangu." Alisema bila hasira. "Nilipima, Mbaruku. Ningeingiza ufuta, kila mwaka wangekuwa na barua nyingine na kila mwaka ningekuwa na tumbo au mtoto wa kuogopea. Tuondoke Jumatatu. Nitajifungulia kwa mama yako Nachingwea, karibu na hospitali. Miguu bado haijavimba."

Tulikwenda siku nne, tukipumzika kila kivuli. Zaina alibaki na bibi yake. Siku ya pili, baada ya kukabidhi orodha kwa kamati Ruangwa na kuupita mji, tulisikia injini nyuma yetu, nikajua sauti yake. Lori la Umoja likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa.

"Ninyi wa wapi?"

Ningeweza kusema Nachingwea, na isingekuwa uongo, kwangu mimi. Lukumani alikuwa juu ya magunia, ananikonyeza niseme. Nilimtazama Mwantumu. Jasho lilikuwa linamtiririka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitambaa chenye mbegu za mama yake.

"Matambarale," alisema yeye.

Dereva akatikisa kichwa, akatia gia. Vumbi lilipotua tuliendelea kutembea, mimi nikihesabu tasbihi, yeye akihesabu, aliniambia, miti ya kupumzikia.