Lebo za Zakiya

Mke wangu Zakiya alikusanya mimea ya Dabaso miaka kumi na tisa, akiikausha ndani ya magazeti na kuandika jina lake mwenyewe pembeni kwa penseli. Alipofariki, wakubwa wa makumbusho tulikofanya kazi wakachagua programu mpya ya kuchapa lebo. Ina nafasi ya mkusanyaji mmoja tu, wakaijaza jina la mkurugenzi, asiyelijua hata tope la hori ya Mida alikochuma Zakiya.

Mimi kazi yangu kubandika. Kila asubuhi nazikuta lebo za mimea yake zimebanduka, zimelala sakafuni kifudifudi. Za wengine zimeshika.

“Mzee Badi, gundi yako mbovu,” mkurugenzi akanambia.

“Gundi ni moja, bwana. Mwenyewe ndiye hataki.”

Akacheka. “Maiti habandui karatasi, mzee.”

“Basi bandika wewe.”

Akabandika, akafunga kabati, akaondoka na ufunguo. Asubuhi alipofungua, zote zilikuwa chini, na kabati lanuka asumini, zile alizokuwa akivaa Zakiya kichwani. Hakucheka.

Nikakata pembe za magazeti zenye mwandiko wa Zakiya, nikazibandika mahali pa lebo, mkurugenzi akiona. Hizo hazijabanduka mpaka leo. Lakini ndani ya kompyuta wameliacha jina la mkurugenzi, na huko sijui Zakiya atafikaje.