Kompyuta ya Wiki Mbili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu anasema nikiungua ulimi kwa chai, nagombana na kikombe. Lakini yuko mtu mmoja ambaye mbele yake nafyata, nainamisha kichwa na kusema "ndiyo mama, ahsante mama", na mtu huyo ni mama mkwe. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye, "Sasa kwa nini hukumwambia?" Nisingeweza. Ndiyo hivyo.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mtaani wananiita Injinia, ingawa injinia mwenyewe alikuwa bosi wangu, mimi nilikuwa mchoraji wake tu. Kisha ofisi ikapunguza watu, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikarudi nyumbani na rula yangu mkononi. Hata sijakaa vizuri, shemeji, kaka yake mke wangu, akapiga simu. Ghalani kwake kuna nafasi ya kusimamia mizigo, niende nikaanze. Ghala lenyewe liko mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na mke wangu alikuwa na mimba kubwa, anashika kiuno kila anapoinuka. Mama yake alikuwa ameshakuja kumsaidia, na sindano yake ya kufumia na mfuko wa uzi wa kijani wa sweta la mtoto. Yaani mtoto wangu azaliwe, mimi niko huko nahesabu magunia? Nilikataa kimoyomoyo. Kwa mdomo nilimwambia shemeji anipe muda nifikirie.

Bahati ikanijia kwa njia ya mkandarasi mmoja tuliyejuana ofisini. Alitaka ramani ya maduka yaliyopangana, na vyumba vya kuishi juu yake. "Jumamosi mchana napita kwako kuichukua," alisema. "Ikiwa nzuri, kazi zangu zote nakuletea wewe. Isipokuwa tayari, narudi kwa bosi wako, tusilaumiane." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumwambia kwamba sina hata kompyuta.

Nilizunguka mjini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila duka nililoingia, bei yenyewe inanitoa nje. Mwishowe nikasimama mbele ya dirisha moja lenye bango: *Jaribu nyumbani wiki mbili. Usipoipenda, irudishe.* Ndani, dada muuzaji alikuwa ameshika kitu cheusi juu ya kiganja, kidogo kuliko mkate.

"Kaka, unaangalia tu au unataka kuishika?"

"Hiyo ni kompyuta au redio?"

"Kompyuta ya mezani, kamili. Umbo dogo, bei ndogo, haina makuu. Unaichomeka kwenye televisheni yako, kazi inaanza. Nenda nayo wiki mbili. Ukiirudisha, tunakupa hela yako yote. Ila iwe kama ilivyotoka hapa. Isiwe na mkwaruzo, isiwe na vumbi."

Niliishika. Jamani, ilikuwa nyepesi! Ofisini nilizoea makasha makubwa yanayounguruma chini ya meza na kukuunguza magoti. Hii ningeweza kuitia mfukoni mwa koti. Nilitoka dukani natembea haraka mpaka watu wananipisha.

Nyumbani kwetu ni vyumba viwili, na meza ni ile ile ya kulia chakula. Niliiweka pembeni mwa televisheni, nikawaita wote wawili, nikatangaza kwa sauti ya kiofisa: "Hii bado si yetu. Asiiguse mtu. Ikipata vumbi tu, hairudishwi." Mke wangu akanipigia saluti. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, anaitazama ile mashine kwa makini.

Sasa televisheni hiyo ndiyo aliyokuwa akitazamia tamthilia yake kila jioni. Niliona haya kweli. Lakini alisema tu, "Kazi kwanza, baba," akasogeza kiti chake nyuma yangu, akaanza kufuma huku anatazama ninavyochora. Jioni ya pili nikamsikia anamwambia binti yake jikoni, "Leo ule ukuta wa kati kauhamisha. Jana ulikuwa kushoto. Hana msimamo huyu." Mke wangu alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi sikucheka. Mtu anachora huku roho iko juu, nyuma yake wamemgeuza tamthilia!

Jioni iliyofuata nilirudi kutoka kununua karatasi, nikakuta mashine imevaa. Ndiyo, imevaa. Kifuniko cha kijani, cha kufuma, kimeibana vizuri kama kofia ya mtoto, na nyuma kimeachiwa tundu la kupitisha nyaya.

"Vumbi halitapenya hapo," mama mkwe alisema. "Nimekifuma maradufu."

Niligusa juu ya kifuniko. Palikuwa pa moto. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ahsante sana mama. Kimependeza kweli."

Alipokwenda jikoni nilikivua. Aliporudi akakiona mezani, akasema, "Kimeanguka," akakirudisha. Nikakivua tena alipokwenda kulala, asubuhi nikakikuta kimerudi mahali pake, na safari hii kimekazwa kwa kifungo. Na kila alipokirudisha nilishukuru. Nilishukuru mpaka mke wangu akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

Ndipo mashine ikaanza kuzima. Unachora, mstari haujafika mwisho, pu! Televisheni nyeusi. Unawasha, inakaa kidogo, inazima tena. Nilikivua kile kifuniko, nikakificha chini ya mto wa kiti, bado ikazima. Basi nikajua tatizo si kifuniko, ni mashine yenyewe, ya bei rahisi, ya kudanganyia watu dirishani. Hapo sikuweza tena kukaa. Nachora, nainuka, nazunguka meza, nakaa, nainuka. Mke wangu akasema, "Injinia, utatoboa sakafu." Nikamjibu vibaya, nikajuta, nikazunguka tena.

Halafu wazo baya likaniingia. Ijumaa nilimsikia mama mkwe anaongea na mwanawe kwenye simu, yule shemeji wa ghala, kwa sauti ya chini: "Subiri kidogo, mwanangu. Jumamosi tutajua." Tutajua nini? Nikaanza kuunganisha. Anaitaka televisheni yake. Anataka niende kwa mwanawe. Na nani hukaa karibu na soketi siku nzima, mimi nikiwa nje? Sikumwambia mtu. Usiku nikalala vibaya.

Jumamosi asubuhi, vyumba vya juu vimekaribia kwisha, ikazima na haikuwaka tena. Nilibonyeza, nikabembeleza, nikaitukana. Kimya. Damu ikanichemka. Nikaing'oa na nyaya zake, nikaikumbatia, nikatoka hata viatu sijavifunga. Mke wangu alikuwa ananiita mlangoni, sikugeuka.

Duka lilikuwa limejaa. Nikaiweka kaunta kwa kishindo. "Chukueni uchafu wenu! Inazima kila saa. Nirudishieni hela yangu!"

Dada muuzaji hakutikisika. "Pole, kaka. Kuna mtu ameichezea?"

"Hakuna aliyeigusa! Naapa mbele ya watu wote hawa!"

Na watu wote wale waligeuka kweli. Akachukua bisibisi, akafungua mfuniko, akachungulia. Kisha akachukua kibanio chembamba, akaanza kuvuta. Kikatoka kipande cha uzi wa kijani. Akavuta. Uzi ukaendelea kuja, umejisokota kwenye feni, mrefu, haukomi.

"Kaka," akasema, "kompyuta yako imeota ndevu."

Duka zima halikuwa na mbavu kwa kicheko. Hata mzee mmoja aliyekuja kununua betri alishika kaunta ili asianguke. Mimi masikio yaliwaka. Dada akasafisha feni, akafunga, akawasha. Ikawaka papo hapo, inavuma taratibu bila kinyongo.

"Nzima kabisa," alisema. "Ilikosa hewa tu. Lakini siipokei tena. Hii sasa ni yako."

Nilirudi nimeibeba kwapani, na uzi ule mfukoni. Kila hatua nilikuwa napanga maneno. Leo atanisikia. Leo ndiyo leo. Nilisukuma mlango, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake, kifuniko kiko mapajani. Alikuwa amekipata chini ya mto.

"Mama!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mke wangu akatokea jikoni, mkono kwenye tumbo. Nikautoa uzi, nikauweka mezani. "Mama, hiki kifuniko chako ndicho kilichoiua mashine. Inahitaji hewa. Uzi umeingia kwenye feni. Mkandarasi yuko njiani, ramani haijaisha, na mimi nimechekwa na mji mzima!"

Nikashika ukingo wa meza.

Mama mkwe akautazama uzi, akanitazama mimi. "Kumbe inapumua?"

"Inapumua, mama."

"Na wewe ulijua kwamba kinaibana?"

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," nikasema, na sasa sauti ilikuwa imerudi ndogo.

"Na ukaniambia kimependeza." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mimi nimelea watoto watano, baba, na wote wana midomo. Mboga ikiwa na chumvi nyingi, wananiambia. Wewe nimekaa nawe nyumba moja, hujanipinga hata neno moja. Nikasema huyu hanipendi, ananivumilia tu mpaka niondoke. Huu uzi ulikuwa wa mtoto. Nikaona mtoto bado hana baridi huko aliko, acha kwanza nikifunike hiki, maana kikiharibika, baba yake anaondoka. Na mwanangu wa ghala kila siku ananisumbua, nafasi itachukuliwa, nafasi itachukuliwa. Namwambia subiri, Jumamosi tutajua kama mume wa dada yako amepata kazi yake hapa."

Niliona aibu iliyonishika mpaka kwenye kucha. Mimi niliyekuwa namhesabia fitina! Nilitaka kusema samahani, nikaishia kuviringisha ule uzi kidoleni. Mke wangu ndiye aliyetuokoa.

"Mkandarasi anakuja," alisema. "Mtalia baadaye."

Nikachomeka mashine, ikawaka. Nikafungua ramani, moyo ukanianguka. Sikuwa nimehifadhi tangu usiku. Vyumba vya juu vilikuwa nusu, ngazi hazipo, milango ya nyuma haipo. Nilishika kichwa. Nilikuwa nimechora na kufuta mara nyingi hata sikukumbuka niliamua nini.

"Ngazi ziko mwisho kule, karibu na duka la kona," mama mkwe alisema nyuma yangu.

Niligeuka.

"Mwanzo uliziweka katikati. Halafu ukasema watu watapita na maji mbele ya wateja, ukazihamisha. Na mlango wa nyuma wa duka la pili ulifungukia nje, si ndani, maana ndani ungegonga kabati."

Alikuwa ameshika sinia la plastiki, anaipepea mashine. Haikuhitaji tena kupepewa, lakini safari hii sikuwa nafyata. Nilitaka apepee. Nilichora, naye akanisimulia ramani yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayemsimulia jirani aliyekosa tamthilia. Nilipokosea alisema, "Hapana, huo ulishaufuta." Nilipoona yeye amekosea, nikapiga moyo konde nikamwambia, "Mama, hapo umechanganya, hilo ni la ghorofani." Akasema, "Kweli, kweli," akaendelea kupepea.

Mkandarasi alibisha tukiwa tunamalizia choo cha mwisho. Mke wangu alimchelewesha mlangoni kwa maswali ya bei ya saruji ambayo hana kazi nayo. Alipoingia, alisimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, akatazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye miiba.

"Hizi ngazi umezipeleka mwisho," alisema. "Nimependa. Mwingine angezitia katikati." Akachukua nakala yake kwenye flashi. "Wiki ijayo nina nyumba ya familia, nitakuja tuizungumze."

Alipoondoka, simu ya mama mkwe ikalia. Hakuniuliza. "Mpe mtu mwingine hiyo nafasi," alimwambia mwanawe. "Shemeji yako ana kazi hapa. Ndiyo, nina hakika. Nimemwona kwa macho yangu akiifanya." Akakata, akachukua kile kifuniko, akatafuta ncha ya uzi na kuanza kukifumua, huku anauzungusha ule uzi kwenye vidole. Mke wangu aliketi karibu naye, akashika donge la uzi lisibiringike.

Baadaye mama mkwe akaniletea chai, ile yake ya sukari isiyo na huruma, ambayo nilikuwa nainywa tangu alipokuja huku nikitabasamu. Nikapiga funda.

"Ikoje?" akauliza.

Mdomo ulishafunguka kusema tamu sana mama, ahsante mama. Nikaufunga. Nikaweka kikombe chini.

"Sukari imezidi, mama. Imezidi sana. Tangu siku ya kwanza."

Mke wangu akaziba uso kwa kiganja. Mama mkwe alinitazama, na midomo ikaanza kumcheza.

"Haya," alisema, "sasa nina watoto sita." Akabeba kikombe, akakirudisha jikoni kuongeza maji.