Hodi Tatu

Mshonaji alikuwa na njia yake ya kupima mji, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Majengo hakuyatazama, taa za barabarani hazikumhusu. Aliingia mtaa ulio jirani na chuo, akachagua mlango wowote, akapiga hodi, kisha akatega sikio. Akijibiwa "karibu" kabla hajasema yeye ni nani, mji umefaulu. Akiulizwa "nani?", mji umefeli, na hakuna rufaa.

Binti yake alimfuata nyuma kwa aibu. Alikuwa kitinda mimba, na sasa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali, kimoja cha mji mdogo na kimoja cha mji mkubwa, lakini alichotaka ni kusomea kazi ya maabara, na masomo hayo yalikuwa katika mji mkubwa tu. Mji huo ndio uliomla kaka yake. Alipanga chumba huko akisoma, akashikwa na homa, akafa peke yake, asijulikane mpaka watu walipokuja kuuvunja mlango. Mama aliapa kwamba hatapeleka mwingine.

Walianza na mji mdogo, wakapokewa mpaka ikawa kero. "Karibu! Karibuni ndani!" Chai ililetwa, na kabla haijapoa mwenye nyumba alishajua binti ana umri gani, kwa nini amekonda, na kama ana mchumba.

"Hana," mama alijibu haraka, kama mtu anayenadi kitambaa. Binti aliinamia kikombe chake.

Walipotoka, mama alikuwa anang'aa. "Umewaona watu? Huku ukipiga chafya tu, mtaa mzima unakuja kukupa pole."

"Pole watanipa, mama. Maabara hawana."

"Maabara ndiyo itakayokuzika?"



Mji mkubwa mama alikubali kwenda kwa sababu moja tu, amalize ubishi. Na mambo yalimwendea alivyotaka. Mlango wa kwanza, "Nani?" Wa pili, "Hatununui kitu!" Wa tatu, pazia lilisogea kidogo likarudi mahali pake. Mama alitembea kifua mbele.

Mlango uliofuata, redio ilisikika ndani kwa sauti ya chini. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga ya tatu, akangoja kidogo, akatengeneza mtandio wake na kugeuka.

"Tunaondoka?" binti aliuliza.

"Nimepiga tatu. Asipoitika hodi tatu, mtu unakwenda zako. Si ndivyo nilivyowafundisha tangu wadogo?"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Nilivyowafundisha. Aliwafundisha wote wawili.

Na maneno hayo alishawahi kuambiwa. Siku ya mazishi, fundi viatu aliyekuwa jirani wa mwanawe alimjia macho mekundu, mkono ameunyoosha. "Nilipiga hodi mara tatu, mama. Akanyamaza. Nikadhani hataki mtu." Yeye aliukataa ule mkono, akamwita muuaji mbele za watu. Miaka yote hii alikuwa amemchukia mtu kwa adabu ile ile aliyowalea nayo watoto wake.

Alikaa chini pale kizingitini. Binti hakumwinua. Alirudi mlangoni, akaugonga kwa ngumi.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mzee, nzito kwa usingizi na hasira. "Mtu halali nyumbani kwake?"

"Utusamehe, baba. Umenyamaza, tukataka kujua kama u mzima."

Redio ikazimwa.

"Mzima," mzee alisema, safari hii taratibu. "Mzima, mwanangu. Ahsante."

Mama alilia kwa sauti, wapita njia wakimtazama na yeye asijali. Alimlilia mwanawe, na kwa mara ya kwanza alilia bila kuwa na wa kumlaumu, na hilo liliuma zaidi. Alipochoka alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Utasoma hapa," alisema.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nimeshasema. Utasoma hapa." Alishika ukuta, akasimama. "Yule fundi viatu bado anakaa kule kule?"

"Bado. Asubuhi tulipita mbele ya kibanda chake, ukageuza uso."

"Aliniona?"

"Alikuona, mama. Alisimama."



"Nipeleke kwake," alisema.