Mbuzi Mlangoni kwa Ekeno

Akidor alikuwa akikwangua sufuria ya chai wakati mbuzi wa jirani yake Nakuleu walipokuja kusimama mlangoni. Maji ya kisima cha Kakuma huacha utando mweupe ndani ya sufuria, na mtu asipoukwangua kila asubuhi, chai huishia kuwa na ladha ya ukuta. Mumewe, Ekeno, alitoka nje amevaa singlendi, kijiti cha mswaki mdomoni.

"Ejok," aliwasalimia mbuzi kwa mzaha.

Beberu mmoja akamsogelea, akaanza kumlamba kifundo cha mkono. Mwingine akachukua mkono wa pili. Ekeno alisimama hivyo, mikono yote miwili ikiwa na wenyewe, mswaki ukining'inia mdomoni bila wa kuusukuma.

Hakuna aliyeshtuka. Tangu kiangazi cha mwaka uliopita mbuzi wa Kakuma walikuwa wakiwatambua watu wenye presha. Walianza na mzee mmoja mstaafu, wakamfuata sokoni wakimrukia shingoni, naye akawatandika fimbo hadi alipoanguka mbele ya duka la viatu. Kisha wakaingia kwa Mureithi, mfanyabiashara aliyetoka Karatina zamani. Walilipita gunia la mahindi bila hata kulinusa, wakapanga foleni kwenye kaunta kumlamba mikono. Mureithi alicheka sana siku hiyo. Siku hizi huongea kwa upande mmoja wa mdomo, na mkewe Wahu ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

"Baba Ekai," Akidor alisema, "leo unapita kwa daktari kwanza. Lori itangoja."

Daktari mwenyewe alikuwa Levis, tabibu wa zahanati, kijana wa Bungoma aliyechoka mapema. Mpira wa mashine yake ya kupimia presha ulikuwa umepasuka, na mwingine ulikuwa njiani tangu uwe njiani. Kwa hiyo alikuwa amefunga mbuzi jike mzee kando ya benchi la wagonjwa. Aliyelambwa kifundo alipewa vidonge. Aliyelambwa shingo aliambiwa aende hospitali Lodwar siku hiyo hiyo.

Ekeno alilambwa vifundo. Levis akamuuliza kama anaijua vizuri pampu ya lori lake.

"Naijua."

"Ukisukuma maji na mpira mwembamba, inakuwa aje?"

"Inachemka."

"Na ikichemka kila siku?"

"Inavumilia tu. Halafu siku moja inakwisha."

"Basi, mzee. Moyo ni hiyo pampu. Tofauti ni kwamba hii huwezi kuzima upumzishe."

Akamwambia apunguze chumvi, aache tumbaku ya magadi, atembee badala ya kushinda amekaa, ameze kidonge kila siku hata akijisikia mzima. Tena aachane na maji ya kisima, yana chumvi nyingi, anywe maji matamu. Hapo Ekeno akacheka, na Levis naye akacheka kidogo, bila furaha. Ekeno ndiye aliyekuwa dereva wa lori la maji matamu.

Alikwenda kuyachota Lodwar, karibu na mto Turkwel, akayaleta kwenye ofisi moja yenye ua mrefu pembezoni mwa Kakuma. Yaliosha magari na kunywesha nyasi, maana wakubwa wenyewe walikunywa ya chupa. Bomba la tangi lilifungwa kwa waya wenye muhuri. Dereva aliyemtangulia alikata waya akampa dada yake mtungi mmoja, na unga wake ukamwagika, kazi ikaisha, kabla mtungi haujafika nyumbani. Akidor alikuwa amewahi kumwomba mumewe maji hayo mara moja tu. Alipoona uso wake, hakurudia.

Ekeno alimeza vidonge. Mbuzi wakaanza kupungua. Mwanzo walilamba mkono mmoja tu, kisha wakawa wanapita, wananusa na kwenda zao. Asubuhi ambayo hakuja hata mmoja, Ekeno aliacha dawa.

"Mbuzi imeenda," alisema. "Sasa dawa ni ya nini?"

Hakuwa peke yake. Wanaume wengi wa Kakuma walikuwa wamefanya hesabu hiyo hiyo, na Levis alikuwa amewaeleza, akawaeleza tena, hadi sauti ikamkauka: ni vidonge vinavyowaweka mbuzi mbali, ukiviacha watarudi. Akidor alimfokea mumewe, akambembeleza, bure. Mbuzi walirudi kabla kopo la dawa halijashika vumbi. Safari hii mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma, akiitafuta shingo. Ekeno aliingia ndani akameza kidonge bila maji.

Mambo yangekwenda hivyo tu, ila wageni walikuja kuitembelea ile ofisi. Walikuta mbuzi wamejaa langoni, wanamlamba askari, wanawalamba wapishi na wafagiaji, kila mtu anayekwenda nyumbani kunywa maji ya kisima. Wageni walipiga picha. Baada ya hapo likaitishwa baraza.

Nakuleu, mama wa watu, mwenye mbuzi wengi kuliko maneno, alisimama. "Mbuzi haina makosa," alisema. "Inaonyesha tu. Leteni maji matamu, itaenda yenyewe."

Alishukuriwa kwa mchango wake. Kisha ikatangazwa kwamba, kwa ajili ya afya ya umma, mbuzi wote waondolewe mjini na kupelekwa upande wa Nakalale. Hata yule jike mzee wa zahanati alifunguliwa kamba. Baada ya muda ikasemwa kwenye mkutano mwingine kwamba presha Kakuma imeshuka sana, kwani hakuna mtu hata mmoja aliyeonekana akilambwa. Watu walipiga makofi, maana jua lilikuwa kali na soda zilikuwa zinangoja.

"Sasa tutajuaje?" Ekeno alimuuliza mkewe. Kidonge kilikuwa kiganjani mwake, na alikuwa anakitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyemkumbuka jina.

Asubuhi iliyofuata, Ekeno aliponyoosha mkono kuchukua funguo za lori, Akidor aliushika mkono huo, akainama, akamlamba kifundo kama mtu anayeonja mchuzi. Ilikuwa chumvi ya sufuria, ile ile. Akampa kidonge. Ekeno akameza, akaenda kazini.

Tangu siku hiyo Akidor alimwonja kila asubuhi. Alimpenda, na alikuwa amechoka. Alipoamka, yote mawili yalikuwa yameshaamka. Wahu aliposikia, alianza kumwonja Mureithi kabla ya kumfunga vifungo. Haukupita muda, ukipita mitaani saa za chai ungewaona wanawake wameinama juu ya mikono ya waume zao, kisha wananyooka na kupangusa midomo kwa kanga. Wapita njia waliwasalimia na kuendelea na safari.

Kisha vidonge vikaisha zahanati. Levis alifungua kabati ili watu wajionee wenyewe. Alisema vingeletwa, na hakusema lini.

Akidor alionja kifundo cha mumewe, asubuhi baada ya asubuhi, na chumvi ikawa inapanda. Ilifika kiwikoni. Ilifika begani. Siku moja alimfungua ukosi wa shati, akainama karibu na sikio lake, na akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Iko aje?" Ekeno aliuliza.

"Imefika shingo."

Ekeno alifunga ukosi. Alitazama nje, kule barabara inakoelekea.

"Shingo ni Lodwar," alisema.

"Lodwar, Baba Ekai. Leo. Uende hospitali kwanza."

"Si ndiko naenda," alisema, akachukua funguo za lori.

Akidor alishinda mlangoni. Hakuuona mchana ulivyopita. Alisikia malori ya mizigo, akasikia pikipiki, na kila gari lililokuwa si lile alilichukia. Jua lilipoanza kulegea alisikia honi, mara moja tu, kama alivyozoea kuipiga kila akipita. Lori halikusimama, kwani nyasi za ofisi hunyweshwa kabla ya saa kumi na moja. Ekeno aliinua mkono dirishani. Muhuri ulikuwa mahali pake, na bomba lilikuwa likidondosha maji matamu juu ya lami, tone baada ya tone, hadi kwenye kona.

Akidor alingoja lori lipotee, asijue kama mumewe alipita hospitali. Kisha akarudi ndani, akaichukua sufuria, akaanza kuikwangua.