Kofia ya Chuma Mezani

Afra alirudi nyumbani kwao Al Warqa, Dubai, kutoka kwa wataalamu wa sanaa na jibu ambalo baba yake, mzee Thuwein, hakutaka kulisikia: ile picha yao ya kale, ya mtawala aliyevaa deraya, vazi la chuma la vitani, haikuchorwa na fundi mashuhuri wa Kitaliano, bali na mwanafunzi wake asiyejulikana jina. Ami yake Ubaid, mdogo wa mzee, alikwisha kusema hivyo zamani, na tangu hapo ndugu hao wawili hawasemezani.

Mzee akaikazia macho picha. "Na hiyo kofia ya chuma, mbona iko mezani?"

"Ni ishara, Baba. Mtawala kamaliza vita."

Mzee akanuna. Kisha akavua kofia yake ya viua, akaiweka kando ya dele la kahawa.

"Mpigie ami yako aje. Ila asijisifu humu ndani."