Kitanda Kisichovaa Viatu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi alisimama mbele ya kiti cha sebuleni, akakunja mikono kifuani, akaketi, kisha akainuka bila kushika popote. Kuketi hakukumpa taabu. Alipoinuka ndipo maumivu yalipoanza kiunoni, yakashuka nyuma ya paja la kulia kama waya wa moto, yakaishia kisiginoni. Alikuwa ameishi nayo tangu enzi za kubeba mbao mbichi begani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuyapa heshima ya kuyalalamikia. Sasa alikuwa akifundishwa hospitalini kuyasikiliza, na kazi hiyo aliiona ngumu kuliko kuyavumilia.

"Nasikia goti linalia," mkewe alisema kutoka chumbani. "Au ni kiti?"

"Kiti changu hakilii."

"Basi ni wewe, mume wangu. Tia gundi."

Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkewe upande wa kushoto, mkono na mguu, lakini ulimi kilimwachia. Alishinda kitandani mpaka mtu amtoe na kumketisha kwenye kiti cha magurudumu, na tangu augue, mtu huyo alikuwa binti yao mkubwa. Binti aliomba likizo ndefu kazini, akaja kutoka mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, akalala kwenye kochi, akawa anamwinua mama yake asubuhi na kumrudisha jioni. Likizo ilikuwa inakaribia ukingoni.

"Baba, nisikilize bila kukasirika," alikuwa amesema siku moja wakati wa kuosha vyombo, kabla Fundi hajaanza mazoezi hayo ya kiti. "Kabla sijaondoka nataka nikuone ukimtoa Mama kitandani mwenyewe. Ukiweza, nitawaachia nyumba yenu kwa amani. Ukishindwa, naondoka naye."

"Na mimi?"

"Unajua kwangu palivyo. Nikitoa kochi ndipo kitanda cha Mama kitakapopata nafasi."

"Kwa hiyo unanipa mtihani, mwanangu."

"Mgongo wako ndio unaokupa, Baba. Mimi nasimamia tu."

Fundi alikausha sahani ya mwisho, akaiweka kabatini. Kesho yake alivaa shati la mikono mirefu, akachana nywele, akaenda hospitali ya wilaya kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alikuwa mwanamke kijana wa rika la wajukuu zake. Alitarajia kupewa dawa ya kuchua. Alipewa kazi. Alifundishwa kuinua mfuko wa mchanga akiukumbatia karibu na kifua, kukunja magoti badala ya mgongo, na kutembea mpaka kona ya barabara na kurudi, awe na hamu asiwe na hamu.

"Siku ukijisikia vizuri, usizidishe," mtaalamu alimwonya. "Na siku ukijisikia vibaya, usiache kabisa. Fanya kidogo."

"Mimi kazi nimezoea kuimaliza."

"Hii haina kumaliza, babu. Hii ni ya kuifanya kesho tena."

Maneno hayo hayakumpendeza, lakini aliyafuata, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo ya mwenye fani yake. Na mwili wake, aliokwisha kuuhesabu kuwa gogo la kuni, ulianza kuitika. Maumivu hayakuondoka. Yalibaki palepale kama mpangaji mkorofi, ila Fundi alijifunza kuishi naye ukuta kwa ukuta. Mapaja yalikaza. Aliweza kupanda ngazi za hospitali bila kusimama katikati akijifanya anasoma matangazo. Mwishowe mtaalamu alimruhusu kumwinua msaidizi mmoja, mwanamke mwenye umbo kama la mkewe, kutoka kitanda cha mazoezi mpaka kitini. Alimwinua vizuri mno, hata msaidizi akasema, "Babu, kama kuna harusi nibebe mpaka ukumbini."

Siku ile ile mtaalamu alimuuliza, "Kitanda cha nyumbani kikoje?"

"Ni kizuri," Fundi alijibu. "Mbao ngumu tupu. Hakina msumari hata mmoja. Nilikiunga kwa ulimi na tundu, na hakijapata kulegea."

"Nauliza kimo chake. Ukisimama kando yake, ukingo unafika wapi?"

Fundi alikitazama kitanda cha mazoezi, ambacho ukingo wake ulipita goti. Cha nyumbani kilikuwa chini ya goti, tena chini sana. Alikijua kimo chake kama anavyojua urefu wa kidole chake.

"Kinafika panapostahili," alisema.

"Maana kikiwa chini, mgongo wako utalazimika kuinama, na hapo mazoezi yote haya hayatakusaidia. Weka vipande vya mbao chini ya matendegu, kipande kila mguu. Kwa fundi ni kazi ndogo."

Alikubali kwa kichwa. Hakuweka.

Katika karakana yake hapakuwa na aibu kubwa kuliko kipande cha mbao kilichochomekwa chini ya mguu wa samani. Ilikuwa na maana kwamba mtengenezaji alikosea vipimo na sasa anadanganya sakafu. Aliwahi kuitoa nje meza ya mwanafunzi wake na kuipasua kwa shoka mbele ya mteja, kwa kosa hilohilo. Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtaalamu wala mtu yeyote. Kitanda kile alikitengeneza kabla ya harusi, na kimo chake hakukipima kwa rula. Mchumba wake alikuwa mfupi. Alimketisha juu ya rundo la mbao karakanani, akaongeza ubao na kupunguza, mpaka nyayo zake zikatua sakafuni zote mbili, barabara, bila kuning'inia. Hapo ndipo alipokata matendegu.

"Kwani amesema nini huyo daktari wako kuhusu kitanda?" mkewe alimuuliza jioni hiyo.

"Amesema kivalishwe viatu."

Mkewe alicheka, upande mmoja wa mdomo. "Kivalishe basi. Mimi mwenyewe nilitaka viatu virefu maisha yangu yote, ukaninyima."

"Kitanda changu hakivai viatu," alisema Fundi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi ya mtihani binti alisimama mlangoni, mikono ameikunja. Kiti cha magurudumu kiliwekwa mahali pake, breki zimefungwa. Fundi alimgeuza mkewe ubavu, akamketisha ukingoni. Nyayo za mkewe zilitua sakafuni. Fundi alipanua miguu yake kama alivyofundishwa, akakunja magoti, akapitisha mikono nyuma ya mgongo wa mkewe, naye akamshika shingoni kwa mkono mzima.

Magoti yalikunjika mpaka mwisho wake, na bado mkewe alikuwa chini. Kilichobaki cha kukunja ni mgongo. Fundi aliukunja.

"Baba, taratibu," binti alisema.

Alimwinua. Kwa muda wa pumzi moja walisimama wima, wamekumbatiana katikati ya chumba, na mkewe akamnong'oneza, "Haya, nichezeshe basi." Fundi alianza kugeuka kuelekea kwenye kiti. Ndipo waya wa moto ulipopita kiunoni, na mguu wake wa kulia ukatoweka chini yake kana kwamba haukuwahi kuwapo. Hakumwachia mkewe. Lingekuwa jambo jema kama angemwachia aangukie kitandani. Alianguka naye, uzito wake wote juu, na nyonga ya mkewe ikagonga tendegu.

Kitanda hakikutikisika. Hakikulia hata kidogo.

Binti alipiga kelele, akapiga magoti. Fundi alijaribu kuinuka kwa viwiko.

"Usiniguse," mkewe alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Tafadhali, mume wangu. Usiniguse tena."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, na alipopata ruhusa binti alimchukua moja kwa moja kutoka wodini mpaka kwenye gari la kukodi. Fundi aliletewa benchi akae wakati wa kuagana, maana alikuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. 

Aliporudi kwa mtaalamu, alisema kabla hajaulizwa, "Kiko chini ya goti."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. "Uliniambia ni kizuri."

"Ni kizuri."

Walianza upya, kwa mfuko mdogo wa mchanga.

Siku moja Fundi alitoa randa na patasi zake kabatini, akakata vipande vinne kutoka ubao mmoja, akavichonga kitako kila kimoja ili tendegu litulie ndani yake bila kuteleza. Vipimo havikukosea. Alikivalisha kitanda kitupu viatu. Kisha akaketi ukingoni, akakunja mikono, akainuka. Akaketi. Akainuka.

Jioni alimpigia binti simu. "Mama yako vipi?"

"Yupo, Baba. Daktari amesema safari ya kurudi asiifikirie tena. Mifupa haitastahimili."

Fundi akauliza, "Kitanda anacholalia kina kimo gani?"

"Kwa nini, Baba?"

"Nijibu tu."

Kwa nyuma alisikia sauti ya mkewe, nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Mwambie ni kirefu. Mwambie nikiketi, miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto."

Alipokata simu alitazama sakafuni. Kulikuwa na kipande cha ubao ule kilichobaki, kifupi, kipana kidogo kuliko nyayo mbili. Kingetosha kuwa kibao cha mkewe kuwekea nyayo zake, kando ya kitanda kile kirefu. Kukichonga kulihitaji muda usiozidi wa kuchemsha chai.